Kingamwili ya sungura isikufie mkononi: mwongozo wa kutunza na kutumia polikloni kwenye westani bloti

Boksi limefika. Limekaa airport siku kadhaa likisubiri karatasi, umelilipia, umelifungua, na ndani kuna pakiti za barafu ambazo zimeshakuwa maji ya uvuguvugu na katikati kuna katyubu kadogo ambako ukikatazama haraka unaweza kuapa hakana kitu. Mikrolita 100 tu za kingamwili, na bei yake unaijua mwenyewe.

Sasa hapo ndipo kazi inapoanzia, maana mimi nawafundisha vijana wanaokuja field maabara na kitu ninachokiona kila mwaka ni kilekile, kingamwili nyingi haziharibikii kwenye bloti (westani bloti, yaani kutenganisha protini kwenye jeli, kuzihamishia kwenye membreni, kisha kuitafuta unayoitaka kwa kingamwili), zinaharibikia kwenye friza yetu na mikononi mwetu, halafu mtu anakuja kulaumu jeli. Kwa hiyo mwongozo huu nimeuanzia kwenye boksi, sio kwenye jeli.

Kwanza jua umeshika nini

Polikloni sio kitu kimoja. Ni mchanganyiko. Sungura (au mbuzi) amechomwa protini au kipande cha protini mara kadhaa kwa wiki kadhaa, mwili wake ukatengeneza kingamwili za kila namna dhidi ya ile protini, moja inashika huku, nyingine inashika kule, damu ikatolewa, seramu ikatenganishwa. Kama unataka mfano wa karibu fikiria dawa ya sumu ya nyoka inayochomwa hospitali, ile nayo ni polikloni, farasi amepewa sumu kidogo kidogo mpaka damu yake ikajifunza. Wazo ni lilelile, ila sisi tunatafuta protini kwenye membreni.

Faida yake unaiona kwenye westani bloti. Protini tumeichemsha, tumeipa SDS (sabuni inayoifungua), imenyooka kama uzi, umbo lake la asili halipo tena, na bado kwenye lile kundi la kingamwili kutakuwa na zinazotambua vipande vilivyobaki. Ndio maana polikloni mara nyingi inatoa mwanga mkali hata protini ikiwa kidogo. Hasara ni kwamba kwenye kundi hilohilo wapo wanaoshika kisichowahusu, na utaona bendi za ziada.

Halafu kuna jambo la tatu ambalo ndilo linaniuma zaidi. Monokloni (kingamwili ya aina moja tu), tangu wanasayansi Köhler na Milstein walipoonyesha njia yake mwaka 1975, inatoka kwenye seli ambazo unaweza kuzigandisha na kuziotesha tena miaka na miaka, leo na kesho ni kingamwili ileile. Polikloni inategemea mnyama. Sungura yule akifa au seramu yake ikiisha, basi, loti inayofuata (yaani fungu jipya la uzalishaji) imetoka kwa sungura mwingine mwenye mwili mwingine, jina kwenye kibandiko ni lilelile lakini ndani sio kitu kilekile kabisa. Katyubu ulikokashika hakana pacha. Ukielewa hivyo, mengine yote ninayosema hapa chini yataingia akilini yenyewe.

Hatua ya 1: soma karatasi kabla hujagusa kifuniko

Usiweke tu kwenye friza "nitasoma baadaye". Karatasi iliyokuja na boksi (au ipakue ukitumia namba ya katalogi) itakuambia kama ni maji au unga, ukolezi wake ni mikrogramu ngapi kwa mikrolita, ina gliseroli kiasi gani, ina sodiamu azaidi (dawa ya kuzuia bakteria) au haina, na kama ni seramu nzima au imesafishwa kwa antijeni (ile protini aliyochomwa sungura). Hilo la mwisho watu wanaliruka sana. Seramu nzima ina kingamwili zote za yule sungura, za magonjwa yake yote aliyowahi kupambana nayo, na zile unazotaka wewe ni sehemu ndogo tu, kwa hiyo utaichanganya kwa uwiano na lazima utegemee uchafu zaidi kwenye membreni. Iliyosafishwa kwa antijeni imepitishwa kwenye kolamu yenye protini yenyewe, zimebaki zinazoshika tu, na hapo unaweza kuhesabu kwa mikrogramu.

Na kama barafu imeyeyuka njiani usilie. IgG (aina kuu ya kingamwili kwenye damu) ni protini ngumu, siku chache za joto la kawaida mara nyingi haziiui, kampuni nyingi zinasafirisha kwa pakiti za barafu za kawaida na wala sio barafu kavu. Andika tu kwenye daftari kwamba ilifika imeyeyuka, piga picha, iwahi kwenye friji, halafu iache hatua ya 5 ikuambie kama iko hai. Ila kama ni kingamwili iliyounganishwa na kimeng'enya cha HRP (ndicho kinachotoa mwanga kwenye bloti) au na rangi ya kung'aa hiyo ni laini zaidi, wasiliana na aliyekuuzia mapema.

Hatua ya 2: kufungua

Iache tyubu ifike joto la chumba ikiwa bado imefungwa, hasa kama ni unga, maana ukifungua ikiwa ya baridi mvuke wa hewa unaingia na kuganda ndani, na hewa yetu ya pwani ina unyevu wa kutosha. Kisha iweke kwenye sentrifyuji ndogo sekunde 10 mpaka 20. Usiruke hii. Nusu ya mali yako inaweza kuwa imenasa chini ya kifuniko, na unga mkavu unaweza kuruka ukifungua kwa pupa, hutauona hata ukienda.

Kama ni unga, weka kiasi cha maji safi yaliyochujwa kama karatasi inavyosema. Mtu mwingine anaweka PBS (bafa ya chumvi) kwa mazoea, wakati unga ule umekaushwa na chumvi zake ndani, ukiongeza PBS umefanya chumvi iwe mara mbili. Kwa mfano mikrogramu 100 za unga ukiziwekea mikrolita 100 za maji unapata miligramu 1 kwa mililita, namba nzuri ya kuhesabia. Iache itulie dakika 15 mpaka 30, igonge taratibu kwa kidole, izungushe. Usiweke kwenye votexi (mashine ya kutikisa kwa nguvu). Ukiona povu jeupe juu ujue kuna protini zinafunguka pale kwenye mapovu, na hazirudi.

Hatua ya 3: gawa siku hiyohiyo

Hii ndiyo hatua ambayo ningeweza kuilazimisha kwa sheria ningeilazimisha. Kinachoua kingamwili ni kuganda na kuyeyuka, kuganda na kuyeyuka. Kila ikiganda barafu inajitenga na chumvi, chumvi zinajirundika, protini zinabanana na kugandamana, na kidogo kidogo unapoteza nguvu. Mara moja haitakuumiza. Mara kumi itakuumiza.

Tufanye hesabu. Bloti yako ya kawaida unatumia mililita 10 za kimiminika kwa uwiano wa 1:1000, unahitaji mikrolita 10. Basi gawa tyubu yako kwenye vityubu vya mikrolita 10, kila kimoja bloti moja, ukishayeyusha umemaliza hakirudi. Kwenye mikrolita 100 utapata tisa na kitu, kumi kamili hupati maana kuna kinachobaki kwenye ncha za pipeti. Usigawe chini ya mikrolita 10, tone dogo sana linakauka na sehemu kubwa yake inajibandika kwenye ukuta wa plastiki, na kama una zile tyubu zisizoshika protini tumia hizo.

Kuandika: jina la protini, mnyama, namba ya loti, ukolezi, tarehe, herufi za jina lako. Kwa peni isiyofutika kwa spiriti, na juu yake bandika seloteipu. Nimeshika vityubu vilivyoandikwa "Ab 1" na tarehe haipo na aliyeandika alishahitimu. Vile havitumiki tena, huwezi kuandika matokeo ya utafiti ukitegemea "Ab 1".

Kama karatasi inasema ina gliseroli asilimia 50, hali ni tofauti. Hiyo kwenye hasi 20 haigandi, inabaki ute ute kama asali nyepesi, unaweza kuchota moja kwa moja bila kuyeyusha chochote. Hiyo huna haja ya kuigawa vipande vipande na usiipeleke hasi 80, kule itaganda na faida yote ya gliseroli imekwisha. Ukiichota, chota polepole, ncha ya pipeti iguse tu uso wa kimiminika usiizamishe, maana gliseroli inang'ang'ania nje ya ncha na unabeba mara mbili ya ulichodhani.

Wengine wanaongeza gliseroli wenyewe, kiasi sawa kwa sawa. Sawa tu, ila kumbuka umeipunguza nguvu nusu, ile 1:1000 ya jana sasa ni 1:500, iandike kwenye tyubu.

Hatua ya 4: iweke wapi

Kityubu unachotumia wiki hii na ijayo kiweke friji, nyuzi 2 mpaka 8, ndani kabisa, sio mlangoni. Mlango unafunguliwa mara hamsini kwa siku na joto linapanda na kushuka. Vilivyobaki viende friza ya hasi 20, na hapa angalia friza yenyewe ni ya aina gani, maana hizi za kisasa za nyumbani zinazojiyeyusha barafu zenyewe zinafanya hivyo kwa kupandisha joto kila baada ya muda, yaani friza inakufanyia kuganda na kuyeyuka usiku na mchana wakati wewe umelala. Tafuta ile ya zamani inayojaa barafu ukutani. Ukiikosa, weka vityubu ndani ya kiboksi kinene cha foamu ndani ya friza, kinapunguza kidogo.

Zilizounganishwa na HRP au rangi ya kung'aa usigandishe kama karatasi haijaruhusu. Friji, na zenye rangi zifunike foili.

Sodiamu azaidi asilimia 0.02 inazuia bakteria na ukungu, na kityubu cha friji kikiwa nayo kinadumu wiki nyingi. Ukiwa na stoku ya asilimia 2, mikrolita 10 kwenye mililita 1 inakupa hiyo 0.02. Lakini tuheshimiane nayo. Ni sumu kali, vaa glavu, usiichanganye na asidi kwa sababu inatoa gesi ya sumu, na usiimwage sinki, kwenye mabomba ya shaba na risasi inatengeneza chumvi zinazolipuka. Na kitu kingine, azaidi inazima HRP. Kwenye kingamwili ya kwanza (ile inayoshika protini yako) haina shida kwa sababu utaosha, lakini usiitie kamwe kwenye kingamwili ya pili yenye HRP (ile inayoshika ya kwanza), utakaa mbele ya kamera unaangalia giza.

Sasa umeme. Tunaishi nao, tuuzungumzie. Friza iliyojaa inashika baridi muda mrefu kuliko iliyo tupu, kwa hiyo nafasi tupu zijaze chupa za maji yaliyoganda. Gandisha kikombe cha maji na uweke sarafu juu ya barafu, ukirudi Jumatatu ukakuta sarafu imezama chini au katikati ujue umeme ulikatika muda wa kutosha kuyeyusha, hata kama sasa kila kitu kimeganda vizuri na hakuna aliyekuambia.

Na ukiwahi kukuta vityubu vimeyeyuka ila bado ni vya baridi, mkono wako utataka kuvirudisha haraka kwenye friza inayofanya kazi. Usivirudishe. Vipeleke friji. IgG kwenye nyuzi 4 ikiwa na azaidi inakaa vizuri wiki kadhaa, kinachoumiza ni kule kuganda tena. Panga bloti zako za hiyo antijeni zote ndani ya wiki hizo, andika kwenye daftari.

Hatua ya 5: itafutie kipimo chake kabla ya sampuli za thamani

Karatasi itakuambia 1:500 mpaka 1:5000. Hiyo ni kwa membreni yao, kamera yao, seli zao. Wewe tafuta yako.

Mfano nitakaoutumia ni HSP70, protini ya mshtuko wa joto, kwa sababu ni protini ambayo unaweza kujitengenezea ushahidi wako mwenyewe bila kununua. Ilianza na mwanasayansi Ritossa kule Italia, mwaka 1962 alichapisha alichokiona kwenye nzi wa matunda baada ya joto la inkubeta kupandishwa kwa bahati mbaya, kromosomu za tezi za mate zikavimba sehemu mpya. Leo sisi tunafanya kwa makusudi: seli za HeLa (seli za saratani zinazooteshwa maabara), chupa moja nyuzi 42 saa moja, kisha irudishe 37 saa chache, chupa ya pili iache 37 muda wote. Kila kitu kingine kiwe sawasawa. Ya kwanza itakuwa na HSP70 nyingi, ya pili kidogo, sio sifuri, seli za saratani huwa nayo hata bila joto.

Vunja seli kwa bafa ya RIPA ikiwa na vizuizi vya proteazi (vimeng'enya vinavyokata protini), kwenye barafu. Pima wingi wa protini kwa BCA (kipimo cha rangi). Mikrogramu 20 kila kisima, changanya na bafa ya sampuli, chemsha nyuzi 95 dakika 5, pitisha jeli ya asilimia 10. Panga hivi: maka (protini za uzito unaojulikana), isiyopashwa, iliyopashwa, halafu rudia hivyohivyo mara nne kwenye jeli moja. Hamishia kwenye membreni. Paka rangi ya Ponceau S, na hapa kwa wekundu unaona kila kisima kilivyo, kata membreni vipande vinne kwa penseli na wembe, kila kipande kina maka yake na jozi yake.

Kipande cha kwanza 1:500, cha pili 1:1000, cha tatu 1:2000, cha nne 1:5000. Kila kimoja kwenye tyubu ya mililita 50 na mililita 5 tu za kimiminika, kilalie ukuta kikizunguka. Mililita 5 kwa 1:1000 ni mikrolita 5, kwa 1:5000 ni mikrolita 1 tu, na ya mwisho usiichote moja kwa moja, tengeneza kwanza 1:10 kisha uchote 10, mikrolita moja hakuna pipeti ya kuiamini.

Kipimo unachochagua ni kile ambacho bendi inaonekana wazi na sehemu tupu ya membreni ni nyeupe safi, na sio kile chenye bendi nene zaidi. Mara nyingi watu wanaogopa kupunguza. Polikloni nzuri ukiipunguza zile kingamwili zisizohusika zinapungua mpaka hazionekani na zile za kweli bado zinashika, unashangaa 1:2000 ni safi kuliko 1:500 na umeokoa mali.

Hatua ya 6: siku ya bloti yenyewe

Jeli na kuhamisha ni kama hatua ya 5. Kabla ya kuhamishia, membreni ya PVDF iloweshe methanoli kwanza mpaka igeuke ya kuonyesha ndani, sekunde chache, isikauke tena baada ya hapo. Nitroselulosi haihitaji.

Ziba nafasi tupu kwa maziwa ya unga asilimia 5 kwenye TBST (bafa ya kuoshea) yenye Tween-20 asilimia 0.1, saa moja. Neno kuhusu maziwa: yasiwe na mafuta. Madukani kwetu maziwa mengi ya unga ni yenye mafuta kamili, na ukiyatumia membreni inapata utando na madoa, soma pakiti vizuri. Unga ukoroge mpaka uyeyuke kabisa kisha uchuje au uzungushe kwenye sentrifyuji, vijibonge vinaacha vidoti vyeusi kwenye picha. Kama unatafuta protini yenye fosfeti acha maziwa tumia BSA (protini ya damu ya ng'ombe), kwenye maziwa kuna kaseini ambayo nayo ina fosfeti kibao. Na kama kingamwili yako ya kwanza ni ya mbuzi na ya pili ni ya kushika mbuzi, kumbuka ng'ombe na mbuzi ni ndugu, hiyo ya pili inaweza kushika kingamwili za ng'ombe zilizomo kwenye maziwa. Ya sungura haina shida hiyo, moja ya sababu naipenda.

Kingamwili ya kwanza: usiku kucha nyuzi 4 ikitikisika polepole. Huna chumba cha baridi? Tyubu ya mililita 50 ndani ya friji juu ya kitikisio kidogo, waya upite mlangoni. Karatasi zinaandika pia "saa moja joto la chumba", na hapa nataka uwe makini, joto la chumba lao ni nyuzi 20 mpaka 25. Dar mwezi wa kwanza bila AC chumba kina 31 au 32, mambo yanakwenda haraka na uchafu unapanda, kwa hiyo sisi wa pwani usiku kucha kwenye friji ni salama zaidi.

Osha TBST mara tatu, dakika 5 mpaka 10 kila moja, maji mengi, chombo kipya ukiweza. Kingamwili ya pili, ya mbuzi dhidi ya sungura yenye HRP, 1:5000 mpaka 1:10000, saa moja, isiwe na azaidi. Osha tena mara tatu, na hapa usiwe na haraka, nusu ya membreni chafu ninazoletewa ni kuosha. Weka dawa ya kuwakisha dakika moja mpaka tano, kung'uta, piga picha kuanzia sekunde 10 na kuendelea.

Usisahau vipande vya ushahidi. Kipande kimoja kisipate kingamwili ya kwanza kabisa, kipate ya pili tu: kikitoa bendi basi tatizo lako sio polikloni. Na kidhibiti cha wingi wa protini, GAPDH kwenye kilodaltoni 37 (kilodaltoni ni kipimo cha uzito wa protini) au tubulini kwenye 50 na kidogo.

Hatua ya 7: kuisoma picha bila kujidanganya

Kwenye HSP70 yetu utaona bendi ya 70 na kidogo imekolea kwenye iliyopashwa. Lakini angalia kwa karibu, mara nyingi juu yake kidogo tu kuna bendi nyingine nyembamba ambayo iko sawa kwenye visima vyote viwili, iliyopashwa na isiyopashwa. Hiyo ni HSC70, ndugu yake ambaye yuko kwenye seli siku zote, joto au bila joto. Zinafanana sana, na polikloni iliyotengenezwa kwa protini nzima inazishika zote mbili. Mtu asiyejua atazipima pamoja na kusema joto limeongeza protini kidogo tu. Kijana mmoja alikaa wiki mbili anahesabu hivyo, na jeli ya asilimia 8 iliyokimbizwa muda mrefu zaidi ikazitenganisha siku moja.

Bendi nyingine za chini zinaweza kuwa vipande vya protini yako iliyokatika, hapo rudi kwenye vizuizi vya proteazi na barafu. Kama ulifanya kwanza kuvuta protini kwa kingamwili ya sungura halafu ukapima kwa ya sungura tena, utaona bendi kubwa 50 na 25, hizo ni minyororo mizito na miepesi ya kingamwili yenyewe, sio ugunduzi.

Bendi ikitokea nyeupe katikati na pembeni nyeusi, na ukiitazama membreni kwa macho unaona kahawia hafifu palepale, HRP ni nyingi mno, imekula dawa yote kabla kamera haijafunguka. Punguza ya pili kwanza, kisha ya kwanza. Watu wanafanya kinyume, wanaongeza, wanaona giza zaidi, wanaongeza tena.

Kama bado huamini bendi yako, chukua peptidi iliyotumika kumchoma sungura, ichanganye na kingamwili, peptidi ikiwa mara 5 mpaka 10 zaidi kwa uzito, saa moja, kisha piga bloti sambamba na ile isiyochanganywa. Bendi ya kweli itapotea. Ila hata bendi ya uongo inaweza kupotea kama kingamwili hiyohiyo ndiyo inayoishika, kwa hiyo ushahidi mkubwa kuliko wote ni seli ambazo jeni hiyo imeondolewa. Ukizipata, hata kwa kuomba maabara nyingine ikuchemshie sampuli na kukutumia, zitumie.

Hatua ya 8: kutumia tena, na siku loti inapoisha

Kimiminika cha kingamwili ya kwanza unaweza kukitumia tena mara mbili tatu kama umekitengeneza kwenye BSA na azaidi na kimekaa nyuzi 4. Kilichotengenezwa kwenye maziwa kinachacha, ukifungua tyubu ukasikia harufu ya mtindi mwaga kwenye chombo cha taka za azaidi kama ina azaidi. Andika kwenye tyubu mistari, kila matumizi mstari mmoja. Na usilinganishe nguvu ya bendi ya matumizi ya kwanza na ya tatu kana kwamba ni kitu kimoja, ya tatu imechoka.

Ukibakiwa na vityubu vitatu hivi, agiza, usisubiri kimoja, maana unajua mzigo unavyochelewa. Muulize muuzaji kama bado ana loti ileile, wakati mwingine ipo na akikutafutia umepona. Ikiwa ni loti mpya, usiianzie kwenye sampuli za wagonjwa au za thesis. Piga jeli moja ya HSP70 kama ile ya hatua ya 5, kipande kimoja loti ya zamani kwa kipimo chako, vipande vitatu loti mpya kwa vipimo vitatu, siku hiyohiyo, sampuli hizohizo, dawa ileile. Hapo tu ndipo utajua 1:2000 yako ya zamani sasa ni ngapi, na kama kuna bendi mpya ambayo sungura wa kwanza hakuwa nayo. Kwenye ripoti au makala andika namba ya katalogi na namba ya loti zote mbili, na kipi kilipimwa kwa ipi.

Na kwa hiyo siku unagawa vile vityubu tisa, viwili vitoe pembeni kabisa, weka kwenye boksi lingine, friza nyingine kama ipo, seloteipu nyekundu, uandike kwa herufi kubwa KULINGANISHIA LOTI, USIGUSE.